Kumsifu Mungu Katikati ya Mapambano

Mahubiri ya Dominika ya Kwanza ya Kwaresima, Mwaka A
Masomo: Mwa 2:7-9, 3:1-7, Rum 5:12-19, Mt 4:1-11

Tumsifu Yesu Kristo!

Wapendwa wasikilizaji, ninyi mlioketi sebuleni na jikoni, ninyi mlio vitandani hospitalini, ninyi mlio safarini, nanyi mnaotusikiliza mkiwa gerezani, tunawasalimu nyote kwa salamu hiyo ambayo Wakatoliki wa nchi zetu wamezoea kupeana njiani, mlangoni na kanisani. Bila shaka wengi wenu mmekwisha kuitikia, "Milele na milele, amina", pengine bila hata kufikiri. Tunaomba muiweke salamu hiyo moyoni kwa dakika hizi chache, kwa maana tutairudia kabla hatujaagana.

Leo ni Dominika ya Kwanza ya Kwaresima. Jumatano iliyopita tulipakwa majivu. Padre amevaa zambarau, maua yameondolewa altareni, utenzi wa Utukufu hauimbwi, nayo Aleluya imenyamaza mpaka usiku wa kesha la Pasaka. Watoto wa mafundisho, ambao ni hodari wa kuuliza, huwauliza makatekista wao: "Je, wakati wa Kwaresima Mungu hasifiwi?" Swali hilo ni zuri, nalo lastahili jibu.

Jibu lake ni kwamba Aleluya imenyamaza, lakini sifa haikunyamaza. Kabla ya Injili tunaendelea kumshangilia Kristo kwa maneno mengine ya sifa. Katika kila Misa padre anatualika kuinua mioyo yetu na kumshukuru Bwana, nasi sote tunaimba pamoja na malaika kwamba Mungu ni Mtakatifu. Kanisa halijui namna ya kuadhimisha Ekaristi pasipo sifa, maana jina lenyewe Ekaristi latoka katika neno la Kigiriki lenye maana ya shukrani. Basi hata katika siku hizi 40 za majivu, za kufunga na za kutubu, Kanisa linasifu. Na tena linasifu katika Dominika hii ambayo Injili yatupeleka jangwani, tukamwone Bwana wetu akipambana uso kwa uso na Ibilisi.

Mtu aweza kushangaa: sifa na vita vina uhusiano gani? Hilo ndilo jambo tunalotaka kulitafakari pamoja nanyi leo. Nasi twalisema tangu mwanzo, ili hata yule atakayelazimika kuzima redio mapema aende nalo: mapambano ya kiroho, tangu bustani ya Edeni hata leo, ni mapambano juu ya nani apewe sifa.

Tuitazame kwanza Injili. Mwinjili Matayo anatusimulia vishawishi vitatu. Katika kile cha kwanza, Ibilisi anazungumzia mkate, kwa sababu Yesu alikuwa na njaa. Katika cha pili anampeleka juu ya mnara wa Hekalu, anamshauri ajitupe chini ili malaika wamdake. Katika cha tatu anamwonyesha milki zote za dunia na fahari yake, na hapo ndipo anapovua kinyago. Anasema wazi anachokitaka: Yesu apige magoti amsujudie. Ndugu wapenzi, hapo tunaona kwamba mkate ulikuwa chambo tu, na mnara ulikuwa chambo tu. Shetani hana haja na mkate wetu, wala na nyumba zetu, wala na mashamba yetu. Anakitaka kile kimoja ambacho si chake na wala hakiwezi kuwa chake, yaani ibada inayomstahili Mungu peke yake. Naye Bwana wetu anamfukuza kwa neno la Kumbukumbu la Torati, linalotuagiza kumwabudu na kumtumikia Mungu peke yake. Neno hilo lilipotamkwa, Ibilisi alimwacha.

Sasa turudi nyuma kwenye somo la kwanza, tuone jinsi vita hivyo vilivyoanza. Mungu alimweka mtu katika bustani yenye kila mti unaopendeza macho na unaofaa kwa chakula. Miti yote hiyo ilikuwa zawadi. Mmoja tu ndio uliokatazwa. Nyoka naye alianzaje? Hakuanza kwa kumwambia mwanamke, "Tenda dhambi." Alianza kwa swali tu, na swali lenyewe lilipindishwa, likasikika kana kwamba Mungu amewanyima miti yote. Tazameni ujanja wake! Miti mingi waliyopewa ikasahauliwa, ukabaki ule mmoja wasiopewa, nao ukaijaza bustani nzima. Kabla mkono haujanyoshwa kuchuma tunda, shukrani ilikuwa imekwisha kufa moyoni. Mungu mkarimu alikuwa amekwisha kuonekana kuwa mchoyo.

Hivyo ndivyo mwovu anavyofanya kazi hata sasa katika nyumba zetu. Mume na mke wamejaliwa watoto, afya na kipande cha shamba. Lakini jirani ameezeka bati, na tangu siku hiyo nyumba ya nyasi iliyowalea miaka yote haina tena thamani. Kijana amemaliza shule, ana mikono miwili na akili timamu. Lakini mwenzake amepata kazi mjini, na tangu siku hiyo yeye hajioni kuwa kitu. Kijicho hakianzi kwa kumchukia jirani. Kijicho huanza siku ile tulipoacha kumshukuru Mungu kwa kilicho chetu. Nyumba ambamo shukrani imekufa, nyoka amekwisha kuingia, hata kama hajaonekana bado.

Basi ndiyo sababu sifa ni silaha. Haina nguvu za uchawi, wala Mungu hana upungufu wa kupungukiwa tusipomsifu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inatufundisha kwamba sifa ndiyo sala inayokiri moja kwa moja kwamba Mungu ni Mungu: twamsifu kwa ajili yake mwenyewe, kwa sababu Yeye Yupo, hata kabla ya kuzihesabu fadhili zake. Na Katekisimu hiyohiyo inatuambia kwamba sala ni mapambano. Mwenye kusifu anasema ukweli mbele ya yule aliye baba wa uongo. Nyoka anasema Mungu ni mchoyo. Sifa yajibu kwamba Mungu ni mwema. Ibilisi anasema, "Nisujudie mimi". Sifa yajibu kwamba kiti hicho kina mwenyewe.

Hata hivyo, wapendwa, tuwe waangalifu. Adui huyu asipoweza kutunyamazisha, hujaribu kuigeuza njia ya sifa zetu. Katika Kiswahili tunasema kwamba mtu fulani "anapenda sifa", na tusemapo hivyo hatumpongezi. Wahenga nao walituonya: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sifa ya wanadamu humlevya mwanadamu. Twajua jinsi kwaya mbili za parokia moja ziwezavyo kumwimbia Mungu mmoja huku zikinuniana. Jinsi mwimbaji awezavyo kuondoka kwayani kwa sababu hakupewa sauti ya kuongoza. Jinsi sisi mapadre tuwezavyo kushuka mimbarani tukingoja kuambiwa kwamba tumehubiri vizuri. Vinywa vinatamka jina la Mungu, nazo sifa zinaelekezwa kwetu.

Tena tukumbuke kwamba katika kishawishi cha pili Ibilisi alitumia maneno ya Zaburi! Mtakatifu Atanasi, Askofu wa Aleksandria, aliyeandika maisha ya Mtakatifu Antoni, yule mmonaki wa jangwa la Misri aliyefariki mwaka 356, anatueleza kwamba Antoni aliwaonya wanafunzi wake juu ya jambo hilohilo: pepo waovu huweza hata kuigiza nyimbo na kuyakariri Maandiko Matakatifu. Kwa hiyo wingi wa sauti, ukubwa wa ngoma na vipaza sauti vya mkesha havitoshi kuwa ushahidi. Sifa ya kweli hupimwa kwa yale yanayofuata baada ya wimbo kwisha.

Ili tuielewe vema, tutembelee mahali patatu ambapo waamini walimsifu Mungu katikati ya hatari.

Mahali pa kwanza ni Yerusalemu, wakati wa Yehoshafati, mfalme wa Yuda. Kitabu cha Pili cha Mambo ya Nyakati, katika sura ya 20, kinasimulia jinsi majeshi ya Moabu na Amoni pamoja na wenzao yalivyomjia kwa wingi. Mfalme aliogopa, na Maandiko hayaifichi hofu yake. Akatangaza mfungo, akasimama mbele ya watu wote pamoja na wake zao na watoto wao, akaungama mbele ya Mungu kwamba hawana nguvu wala hawajui la kufanya, ila macho yao yanamtazama Yeye. Siku iliyofuata akawatanguliza waimbaji mbele ya askari, wakielekea jangwa la Tekoa huku wakiimba shukrani. Nao adui zao wakageukiana, wakaangamizana wenyewe kwa wenyewe. Bonde walimokusanyika baadaye kumhimidi Mungu likaitwa Beraka, yaani baraka. Hapa sifa ilitangulia, na hatari ikaondolewa kabisa.

Mahali pa pili ni mji wa Filipi, katika sura ya 16 ya Matendo ya Mitume. Hapo palikuwa na msichana mtumwa mwenye pepo wa uaguzi, nao mabwana zake walikuwa wakipata faida kubwa kwa kuagua kwake. Mtume Paulo alimtoa pepo huyo kwa jina la Yesu Kristo. Je, mabwana wale walifurahi kwamba binti amepona? Hata kidogo! Walikasirika kwa sababu tumaini la faida yao limekwisha. Hivyo ndivyo vita vya kiroho vinavyokuwa mara nyingi: pale tunapodhani kuna pepo tu, kuna pia fedha. Paulo na Sila wakachapwa viboko, wakatupwa katika chumba cha ndani cha gereza, miguu yao ikabanwa kwenye mkatale. Usiku wa manane, migongo ikiwa na majeraha, walikuwa wakisali na kumwimbia Mungu. Na Luka anaongeza jambo dogo ambalo tusilipite: wafungwa wengine walikuwa wakiwasikiliza.

Kisha tetemeko likatikisa misingi ya gereza, milango ikafunguka, vifungo vikalegea. Wahubiri wengi huishia hapo. Husema, "Mnaona? Msifu Mungu, na vifungo vyako vitaanguka!" Lakini Luka hakuishia hapo. Milango ilikuwa wazi, na Paulo na Sila hawakutoka. Mlinzi wa gereza alipoamka, akadhani wafungwa wametoroka, akachomoa upanga ili ajiue; Paulo akapaza sauti kumzuia, akimhakikishia kwamba wote wamo. Usiku uleule mlinzi akawaosha majeraha, akabatizwa yeye na watu wa nyumbani mwake, akawaandalia chakula. Basi tunda la sifa ya Paulo na Sila lilikuwa nini? Mlango uliofunguliwa hawakuutumia kwa faida yao. Waliokolewa kutoka katika chuki, wakabaki ndani ili amwokoe Mungu yule aliyewabana miguu. Huo ndio ushindi.

Mahali pa tatu ni karibu nasi zaidi, nchini Uganda. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, huko Munyonyo, Karoli Lwanga, kiongozi wa vijana wahudumu katika jumba la Kabaka Mwanga, aliwabatiza wenzake kadhaa waliokuwa bado wakatekumeni, mmoja wao akiwa Kizito, kijana wa umri wa miaka 14 hivi. Baada ya hapo walifungwa, wakatembezwa kwa miguu mpaka Namugongo. Tarehe 3 Juni 1886, siku ya sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, walichomwa moto, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Walioshuhudia walisimulia kwamba vijana wale walikufa wakisali. Papa Paulo VI aliwatangaza Wakatoliki 22 miongoni mwa mashahidi wa Uganda kuwa Watakatifu, tarehe 18 Oktoba 1964.

Pale Namugongo hapakuwa na tetemeko. Kuni zilishika moto, na moto ukafanya kazi yake. Je, tuseme kwamba Karoli Lwanga hakujua kusali kama Sila? Tuseme kwamba imani ya Kizito ilikuwa pungufu kuliko ya waimbaji wa Yehoshafati? Mungu apishe mbali! Ni Mungu yuleyule na sifa ileile, lakini mambo yaliyofuata yalikuwa matatu mbalimbali: Tekoa adui aliangamia, Filipi mlango ulifunguka nao wakabaki, Namugongo moto uliwaka mpaka mwisho. Na mahali pote patatu mwovu alishindwa, kwa sababu alichokitaka hakukipata. Moto ule uliwashwa ili vijana wale wamwache Kristo. Uliweza kuichukua miili yao, usiweze kuichukua sifa yao. Leo hii, kila ifikapo tarehe 3 Juni, mahujaji kutoka Uganda, Kenya, Tanzania na kwingineko, baadhi yao wakiwa wametembea kwa miguu siku nyingi, wanakusanyika mahali palepale kumsifu Mungu yuleyule.

Wapendwa wasikilizaji, tumeyasema haya kwa kirefu kwa sababu kuna jeraha tunaloliona mara kwa mara katika utume wetu. Kuna akina mama waliokesha kanisani, wakafunga, wakaimba na kupiga makofi kwa ajili ya mtoto mgonjwa. Na mtoto akafariki. Kisha ndugu fulani katika imani, pengine kwa nia njema, akawaambia: "Hamkusifu kwa imani. Mngesifu vizuri, mtoto angepona." Neno hilo ni zito kuliko jeneza. Mama aliyefiwa na mtoto sasa anaambiwa kwamba yeye ndiye aliyemuua, kwa upungufu wa sala yake. Tunasema kwa sauti iliyo wazi, na tunawaomba makatekista wote waliseme katika vigango vyao: neno hilo si la Injili. Linaigeuza sifa kuwa bei, na kumgeuza Mungu kuwa mwenye duka. Na yule anayefurahi kulisikia ni yuleyule aliyeanza kazi ya kumchafua Mungu kule Edeni.

Pengine mama huyo atauliza, "Nami nitamsifuje Mungu, wakati koo langu limekauka kwa kulia?" Mama mpendwa, tusikilize. Kitabu cha Zaburi, chenye zaburi 150, katika lugha ya Kiebrania kinaitwa Tehilim, maana yake Sifa. Nawe ukikifungua kitabu hicho cha Sifa, utaona kwamba zaburi nyingi mno ndani yake ni maombolezo: mtu amezungukwa na adui, mtu ni mgonjwa, mtu amesalitiwa na rafiki, mtu anamuuliza Mungu mpaka lini. Karibu zote huishia kwenye tumaini. Lakini ipo moja, ile ya 88, ambayo katika hesabu ya zamani ya Kanisa ni ya 87, inayoanza kwa kilio na kuishia gizani. Wazee wa imani hawakuiondoa. Waliiacha humohumo katika kitabu cha Sifa. Kwa nini? Kwa sababu yule anayelia akiwa amemwelekea Mungu hajaondoka katika sifa. Anayemwambia Mungu, "Sikuelewi," bado anasema naye, bado anamkiri kuwa Bwana wake. Tunapozika sifa ni pale tunapomgeuzia Mungu mgongo.

Bwana wetu mwenyewe alipita njia hiyo. Matayo na Marko wanatuambia kwamba baada ya Karamu ya Mwisho, Yesu na wanafunzi wake waliimba wimbo wa sifa, ndipo wakatoka kwenda Mlima wa Mizeituni. Aliimba akijua anakokwenda. Muda mfupi baadaye alikuwa kifudifudi bustanini, roho yake ikiwa na huzuni kiasi cha kufa. Na msalabani alilia kwa maneno ya mwanzo ya zaburi ya 22, zaburi ambayo yaanza kwa kuachwa na kuishia katika sifa mbele ya kusanyiko kubwa. Wimbo wa Karamu haukumwondolea msalaba. Ulimpeleka msalabani akiwa bado Mwana anayempenda Baba. Huyu ndiye Adamu mpya ambaye Mtume Paulo anamsema katika somo la pili: kwa utii wa mmoja, wengi wanafanywa wenye haki. Adamu wa kwanza, katikati ya bustani iliyojaa, alikosa shukrani; Adamu wa pili, jangwani pasipo hata kipande cha mkate, alimpa Mungu heshima yake. Basi tusimamapo kusifu, hatuanzi wimbo wetu wenyewe. Twajiunga na wimbo wake.

Sasa tufanye nini katika Kwaresima hii? Tunapendekeza mambo manne, ambayo kila familia na kila jumuiya ndogo ndogo yaweza kuyashika.

La kwanza: asubuhi, kabla ya kuomba chochote, tulitaje jambo moja la kumshukuru Mungu, na tulitaje kwa jina lake: maji haya, mtoto huyu, usingizi huu wa jana. Baba alitaje, mama alitaje, na watoto walitaje. Hapo tutakuwa tumeihesabu miti yote ya bustani kabla nyoka hajatuonyesha ule mmoja.

La pili lahusu hofu. Wako Wakristo wanaokomunika Dominika asubuhi, na usiku wa Jumatatu wanabisha hodi kwa mganga wa kuagua ili waambiwe ni jirani gani aliyewaroga. Wanarudi na hirizi na jina la mtu wa kumchukia. Tumeona kule Filipi nani hupata faida kwa uaguzi. Mwenye homa apelekwe zahanati, kwa maana Yoshua bin Sira anatufundisha kwamba tabibu ameumbwa na Mungu na dawa zatoka ardhini kwa mapenzi yake. Kisha tumsindikize mgonjwa huyo kwa sala, na kumwita padre kwa Sakramenti ya Mpako. Na nyumba inapoingiwa na hofu usiku, familia iamke, iwashe taa, isali Rozari au iimbe zaburi. Hirizi yakiri kwamba giza lina nguvu. Zaburi yakiri kwamba Kristo ni Bwana.

La tatu lawahusu wafiwa. Tunapokwenda msibani tusibebe maelezo. Tusitafute sababu ambayo Mungu hakutuambia. Tuketi, tulie na wanaolia, tuteke maji, tupike. Yule ambaye hawezi kuimba leo, sisi tumwimbie kwa niaba yake, kama Paulo na Sila walivyowaimbia wafungwa waliokuwa gizani. Zamu yake itakapofika, naye atatuimbia sisi.

La nne ni la upatanisho. Kwaya zilizonuniana zipatane. Ndugu wasiosemezana wasemezane. Mlinzi wa gereza la Filipi aliwaosha majeraha wale aliowafunga. Sisi nasi, tukiwa tumeimba kwa midomo yetu Dominika hii, tumtafute mmoja ambaye tumemjeruhi, tukamwoshe jeraha lake.

Wapendwa katika Kristo, tulianza kwa salamu, natuimalizie kwa hiyo. Mmewahi kuingia nyumba yenye msiba, watu wameketi chini mikekani, sauti zimekauka. Mgeni husimama mlangoni na kusema polepole, "Tumsifu Yesu Kristo." Hapo husikika kimya kidogo. Kisha kutoka ndani, sauti ya mama mfiwa, iliyokwaruza kwa kulia usiku kucha, huitikia: "Milele na milele, amina." Ndugu zetu, mwovu aliingia nyumba ile akitaka kitu kimoja tu, kwamba neno hilo lisitamkwe tena. Nalo limetamkwa. Malaika waliomhudumia Bwana jangwani bila shaka wamelisikia.

Aleluya itarudi usiku wa Pasaka. Ituwie radhi Mungu itukute tukiwa watu tulioshika sifa hata katika siku za majivu.

Ee Baba mwema, uliyemwimarisha Mwanao jangwani, utuimarishe na sisi. Uwatazame wagonjwa, wafungwa na wafiwa wanaotusikiliza saa hii. Pale sauti zao zinapokatika, Roho wako asali ndani yao. Utulinde na kijicho, na hofu, na kiburi cha kupenda sifa, ili katika raha na katika taabu jina lako litukuzwe. Tunaomba hayo kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Na baraka ya Mungu Mwenyezi, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu, iwashukie na kukaa nanyi daima. Tumsifu Yesu Kristo!